Masaji ipi kwa maumivu yapi: ulinganisho kwa wakazi wa Dodoma

Mwili uliochoka, mwili ulioumia na mwili unaoumwa ni mambo matatu tofauti, na mikono inayoufaa mmoja inaweza kuudhuru mwingine. Naanza na hilo kwa sababu wengi wetu hapa Dodoma huchagua masaji kwa kufuata bango lililo karibu na nyumbani, au bei, au neno la rafiki: "Nenda kwa yule dada, atakunyoosha." Rafiki alikuwa na mabega yaliyokaza kwa kazi za wiki ya bajeti. Wewe una mguu mmoja uliovimba na hujui kwa nini. Mkiingia chumba kile kile, yeye atatoka mwepesi na wewe unaweza kutoka umeongezewa hatari.

Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, na hasa baada ya Dodoma kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, maumivu ya mji huu yamekuwa ya namna nyingi. Wapo maofisa wa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, wanaoinamia kompyuta tangu asubuhi. Wapo vijana wa bodaboda wanaokaa kitako saa nyingi kuliko hao maofisa, tena juu ya barabara zenye mashimo. Wapo mafundi ujenzi wa Nzuguni na Ihumwa. Na wapo wale wa tangu zamani, wakulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora, ambao kupogoa na kuvuna huwakunja mgongo au kuwaweka mikono juu siku nzima. Huduma nazo zimeongezeka: chumba cha masaji hotelini, meza moja nyuma ya saluni, kituo cha hijama (kuumika kwa vikombe), idara ya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono) hospitalini, na yule mama wa mtaani ambaye kila mtu humwendea akiteguka mguu. Nitazilinganisha mbili mbili au tatu tatu, kadiri zinavyokaribiana.

Mikono ya nyumbani na masaji ya Kiswidi

Masaji inayotolewa kwenye hoteli nyingi, hata kama bango halisemi hivyo, ni ile ya Kiswidi. Ina miondoko mitano: kupitisha viganja kwa mkupuo mrefu, kukanda misuli, kusugua sehemu moja kwa vidole, kupigapiga kwa ubavu wa kiganja, na kutikisa. Jina la Uswidi limetokana na Pehr Henrik Ling, aliyeanzisha chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm mwaka 1813, ingawa mpangilio wenyewe wa miondoko hiyo hunasibishwa zaidi na daktari Mholanzi wa karne ya 19, Johan Georg Mezger.

Sasa mtazame bibi anayemchua mjukuu wake aliyetoka shamba. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto, mafuta kidogo mkononi, anapitisha kiganja kutoka kiunoni hadi mabegani, anakanda, anasugua penye kifundo, yaani pale msuli ulipojikaza. Miondoko mingi ni ile ile. Tofauti iko kwenye mambo mengine: hotelini kuna meza, kuna muda maalumu, kuna utaratibu wa kugusa mwili mzima, kuna ukimya. Nyumbani kuna mkono unaokujua na hakuna malipo.

Kwa mwili uliochoka tu, mimi nasema bila kusita kwamba mikono ya nyumbani inatosha mara nyingi, na kitambaa cha moto kina nguvu kuliko tunavyokiheshimu. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipotoa mwongozo wake mwaka 2017 kuhusu maumivu mapya ya kiuno, kilishauri joto juu ya ngozi na masaji kabla ya kukimbilia vidonge, na ushahidi wa joto ulikuwa imara kuliko ule wa masaji. Bibi hakusubiri mwongozo huo. Masaji ya Kiswidi inaizidi ya nyumbani pale ambapo kilichokusumbua ni msongo, usingizi wa shida na kichwa kisichotulia. Saa nzima ya kuguswa polepole, bila simu na bila watoto kuita, hufanya kazi ambayo dakika kumi za kuchuliwa jikoni haziwezi.

Kuhusu mafuta, hatuna haja ya kununua chupa ndogo za bei kubwa. Alizeti ya Singida na Dodoma iliyochujwa vizuri inateleza, haina harufu kali na watu wengi haiwawashi. Mafuta ya ufuta ni mazito kidogo na mazuri kwa ngozi iliyokauka wakati wa kipupwe, pale upepo wa Dodoma unapopasua midomo na visigino. Mafuta yenye manukato yanapendeza, ila yajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono na usubiri. Ile dawa ya kuchua yenye harufu kali ni jambo jingine. Joto unalolisikia ni la ngozi zaidi kuliko la msuli, na nyingi zina dawa ya jamii ya aspirini, kwa hiyo anayetumia vidonge vya kuzuia damu kuganda aulize hospitali kwanza. Usiipake kwenye kidonda, wala usifunike juu yake kwa kitambaa cha moto, maana unaweza kuungua.

Mikono ya nyumbani ina mipaka miwili ambayo lazima niitaje waziwazi. Tumbo la mjamzito halichuliwi. Wapo wanaofanya hivyo kwa nia njema, eti mtoto amekaa vibaya ageuzwe, lakini kondo la nyuma linaweza kuachia kabla ya wakati na mama akapoteza damu nyingi. Mjamzito anayeumwa kiuno achuliwe mgongo na miguu kwa mkono mwepesi, akiwa amelala ubavu na mto katikati ya magoti, na mambo ya mtoto aliyekaa vibaya yaamuliwe kliniki. Mpaka wa pili ni mzazi anayekandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua. Joto la kadiri kiunoni na mabegani linampa faraja kweli. Maji yanayochoma, kukandamiza tumbo, au kukanda karibu na mshono wa upasuaji, hapana.

Ya kubonyeza kwa kina na ya kunyooshwa

Masaji ya kina hutumia kiwiko, vifundo vya vidole na uzito wa mwili, polepole, kwenye sehemu chache. Inamfaa mtu mwenye kifundo anachoweza kukionyesha kwa kidole: pale kati ya bega na shingo kwa anayechapa kompyuta, au pembeni ya uti wa mgongo kwa anayepanda pikipiki. Shida yake ni imani iliyoenea kwamba isipouma haifanyi kazi. Si kweli. Maumivu yanayokufanya ushike pumzi huukaza msuli ule ule uliokuja kuulegeza, na ukikandamizwa mno utaamka kesho na michubuko. Kipimo changu ni pumzi: ukiweza kupumua kwa utulivu, nguvu inatosha. Ukianza kung'ata meno, imezidi.

Hapa malezi yetu yanatuponza. Kijana aliyelazwa mbele ya mama mwenye umri wa mzazi wake huona ni utovu wa adabu kumwambia apunguze, basi anavumilia. Adabu haivunjiki kwa kusema, "Samahani mama, hapo naomba upunguze kidogo." Fundi mzuri hukushukuru kwa kumwambia, kwa sababu hana njia nyingine ya kujua.

Masaji ya Kithai iko upande mwingine kabisa. Hulali mezani, unalala kwenye godoro jembamba sakafuni. Huvui nguo, hupakwi mafuta. Anayekuhudumia anakubonyeza kwa viganja, viwiko, magoti hata nyayo, kisha anakunyoosha: anavuta mguu, anakunja nyonga, anageuza kiuno taratibu. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2019, na hekalu la Wat Pho mjini Bangkok ndilo linalojulikana zaidi kwa kuifundisha.

Ukiwa dereva wa bodaboda au wa lori la Singida, nyonga zimekaza na misuli ya nyuma ya paja imefupika kwa kukaa, hii inakufaa kuliko ya Kiswidi, kwa sababu tatizo lako ni ufupi wa misuli zaidi ya uchovu. Inamfaa pia mtu, mwanamke au mwanamume, ambaye haya au dini haimruhusu kuvua nguo. Isipokuwa kunyooshwa na mtu mwingine kunahitaji mtu aliyejifunza kweli, na kwa mzee mwenye mifupa iliyopungua nguvu, au aliyebadilishiwa nyonga, au mwenye maumivu yanayoshuka mguuni, sipendekezi kabisa. Muulize alijifunzia wapi na kwa muda gani. Ukijibiwa kwamba alijifunza kwa kutazama video, omba masaji ya kawaida.

Wachezaji wa timu za mitaani, na wale wanaokimbia asubuhi, huniuliza kuhusu masaji ya michezo. Hiyo si aina ya peke yake, ni mchanganyiko wa hizo mbili uliopangwa kwa kufuata mazoezi: mwepesi na wa haraka kabla ya mchezo, wa polepole baadaye. Inapunguza kidogo yale maumivu ya misuli yanayokuja siku ya pili na kuongeza kidogo ulaini wa viungo. Haikufanyi ukimbie kwa kasi zaidi. Na yale maelezo kwamba inakamua "asidi" iliyobaki kwenye misuli hayana msingi, kwa maana mwili huiondoa wenyewe ndani ya muda mfupi baada ya mazoezi. Vivyo hivyo kwa "sumu" ambazo kila bango linaahidi kuzitoa. Kazi hiyo ni ya ini na figo, na hazijawahi kuomba msaada wa kiwiko cha mtu.

Nyayo, na mawe ya moto

Masaji ya nyayo ni raha safi kwa muuza duka wa Majengo au mwalimu aliyesimama siku nzima, na kwa raha hiyo naipendekeza. Ramani ile inayoonyesha kwamba sehemu hii ya unyayo ni figo na ile ni moyo ilitengenezwa na kuenezwa nchini Marekani katika karne ya 20, mmoja wa waenezaji wake wakubwa akiwa Eunice Ingham katika miaka ya 1930. Haijathibitika kwamba kwa kubonyeza unyayo mtu anaweza kutambua ugonjwa wa figo. Fundi akikwambia hivyo na kukuuzia dawa papo hapo, vaa viatu.

Mawe ya moto yanapendeza kwenye usiku wa baridi wa Juni na Julai. Hatari ni moja na ni kubwa: mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimeanza kufa ganzi hasikii anapoungua. Mtu huyo asiwekewe mawe, asitumbukize miguu kwenye maji ambayo hayajapimwa kwa kiwiko cha mtu mwingine, na nyayo zake zikaguliwe kidonda kabla ya kuguswa na yeyote.

Hijama

Mbinu ya kunyonya ngozi kwa kikombe ni kongwe na imezunguka dunia. Watu wa pwani yetu waliifanya kwa pembe na kuiita kuumika. Mwaka 2016 kwenye Olimpiki ya Rio dunia nzima iliona miduara myekundu mabegani mwa muogeleaji Michael Phelps, na tangu hapo vijana wa gym nao wanaitaka. Kuna ya kavu, ambapo kikombe huvuta ngozi na msuli wa juu bila kukata, na kuna ya kutoa damu, ambapo ngozi huchanjwa kidogo kwanza.

Ukilinganisha na masaji ya kina, ile kavu hufanya kazi inayofanana kwa njia ya kinyume: moja inasukuma ndani, nyingine inavuta nje. Zipo tafiti ndogo zinazoonyesha nafuu ya muda kwa shingo na mgongo, na ushahidi wake ni dhaifu. Alama hubaki siku kadhaa. Kwa mtu asiyevumilia kubonyezwa, ile kavu ni chaguo linalostahili kujaribiwa.

Ya kutoa damu naitenga. Anayeifanya kwa kufuata Sunna ana sababu yake, naiheshimu, na simwambii aache. Namwambia awe mkali kuhusu usafi. Wembe ufunguliwe mbele ya macho yake na utupwe baada yake, vikombe viwe vipya au vilivyotakaswa kama vifaa vya hospitali, mtoa huduma avae glavu. Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi hupita kwenye damu, wala haviangalii nia ya mtu. Mjamzito, mwenye upungufu wa damu, mwenye sikoseli na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wasichanjwe.

Shingo iliyovunjwa kwenye kiti cha kinyozi

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu tumelizoea mno. Umenyolewa, umeoshwa, umesuguliwa uso, kijana anakukanda kichwa na mabega, unasinzia. Kisha bila kukuuliza anashika kidevu chako na kisogo na kukizungusha ghafla mpaka shingo ilie. Wengi huifurahia na huongeza bakshishi.

Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo. Msokoto wa ghafla unaweza kuchana ukuta wa ndani wa mshipa huo, damu ikaganda pale, na donge likapanda kichwani likaleta kiharusi, hata kwa kijana asiye na presha. Hutokea kwa nadra. Lakini faida unayopata ni mlio, na mlio huo ni gesi tu ndani ya kiungo, si mfupa uliorudi mahali pake. Kubadilishana mlio na kiharusi, hata kwa nadra, siwezi kumshauri mtu yeyote. Mwambie mapema, "Shingo usinivunje, nikande tu." Na kama baada ya kuvunjwa shingo umepata maumivu makali ya kisogo, kizunguzungu, kuona viwili viwili, mdomo kupinda au mkono kuishiwa nguvu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kiropraktiki, iliyoanzishwa Marekani na D. D. Palmer mwaka 1895, nayo hutumia msukumo wa ghafla kwenye pingili, lakini aliyesomea huchunguza kwanza, huuliza historia, na huwakataa watu fulani. Kwa kiuno ina ushahidi unaokaribiana na ule wa masaji. Kwa shingo mimi bado ningeomba njia za polepole kwanza. Na mafundi wa mifupa wa kienyeji? Kwa mguu ulioteguka kidogo, ambao bado unaweza kuukanyagia, wengi wao wana mkono mzuri na uzoefu wa miaka. Kwa mfupa uliovunjika, au kiungo kilichochomoka, picha ya eksirei itangulie. Mfupa uliokandwa na kufungwa vibaya hugharimu mara nyingi zaidi kuunyoosha upya kuliko kuutibu siku ya kwanza, na bendeji ya mianzi iliyokazwa mno imewahi kuwakatia watu damu mpaka wakapoteza mkono.

Fiziotherapia, ambayo watu huiacha mwisho

Kwa mwili ulioumia, nikilazimishwa kuchagua kimoja tu, nachagua hiki. Hospitali ya Benjamin Mkapa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa zina wataalamu wake, na chuo cha hospitali ya KCMC kule Moshi kimewasomesha wengi wa nchi hii. Bado watu wa Dodoma huzunguka kwanza kwa wachuaji miezi kadhaa, wakija hospitali bega limeshaganda.

Sababu naielewa. Unaenda ukitarajia kuchuliwa, mtaalamu anakuuliza maswali marefu, anakuinua mguu, anakugonga goti, anakwambia usimame kwa mguu mmoja, halafu anakupa mazoezi matatu ya kufanya nyumbani kila siku. Unatoka ukijiuliza kama ulihudumiwa. Ulihudumiwa kuliko mahali pengine popote. Msuli unaouma mara nyingi ni ule dhaifu unaobeba mzigo wa mwingine uliolala. Kuulegeza kunakupa siku mbili tatu za nafuu. Kuuimarisha kunakupa mwaka.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno mwezi Desemba 2023, liliweka pamoja elimu kwa mgonjwa, mazoezi yaliyopangwa, na baadhi ya tiba za mikono ikiwemo masaji. Yaani masaji imo, lakini haijasimama peke yake. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020, kwa hiyo yule mvunaji wa zabibu asidhani amelogwa kiuno. Njia ninayoona inafaa kwa maumivu yaliyopita miezi mitatu ni hii: chuliwa ili uweze kusogea, kisha sogea kweli, kwa mazoezi uliyopewa na mtu aliyekupima.

Kuna hali ambazo hazina mjadala, ni za fiziotherapia moja kwa moja: aliyepata kiharusi, aliyetolewa plasta baada ya kuvunjika, mtoto aliyechelewa kukaa au mwenye mguu kifundo (unyayo uliopinda tangu kuzaliwa), na uso uliopinda upande mmoja baada ya daktari kuuangalia. Na mama aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi akavimba mkono anahitaji mikono laini mno ya kusukuma maji yaliyokwama, mbinu iliyoasisiwa na Emil Vodder wa Denmark katika miaka ya 1930, ikifuatiwa na bendeji. Masaji ya kina kwenye mkono huo ni kosa. Asikubali hata kwa ofa ya bure.

Maumivu ambayo hayatafuti mikono

Huku kwetu kati ya nchi kuna ugonjwa ambao hujificha nyuma ya maumivu ya mgongo na nyonga: brusela. Hupatikana kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa na kwa kushika ng'ombe au mbuzi anapozaa au anapotupa mimba. Homa inakuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu, viungo vyote vinauma, kiuno zaidi. Mfugaji huyu akichuliwa hupata nafuu ya usiku mmoja, akirudi kesho anachuliwa tena, na miezi inapita ilhali dawa zipo. Kifua kikuu nacho huweza kukaa kwenye uti wa mgongo bila kikohozi chochote, kikila pingili polepole, na kukandamiza pingili iliyoliwa ni hatari kubwa. Kwa hiyo mgongo unaouma pamoja na homa, kupungua uzito, au maumivu yanayozidi usiku ukiwa umelala, uende maabara kwanza.

Mguu mmoja uliovimba, wa moto, unaouma kwenye misuli ya nyuma, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kujifungua, usiguswe na mtu. Huenda damu imeganda ndani, na kuuchua kunaweza kulisukuma donge hadi mapafuni. Ganzi kati ya mapaja, mkojo au choo kushindwa kuzuilika au kugoma, miguu yote miwili kuishiwa nguvu: hiyo ni dharura ya siku ile ile. Mwenye sikoseli aliye kwenye maumivu makali anahitaji maji, dawa na hospitali, na si kubonyezwa. Mwenye presha iliyopanda sana, homa, au upele unaoambukiza asubiri ipite.

Kabla ya kulala mezani

Neno masaji limechafuliwa na baadhi ya nyumba zinazouza kitu kingine kwa jina hilo, na watu wengi wenye heshima zao, hasa akina mama, wamejinyima huduma nzuri kwa kuogopa kuonekana wakiingia. Mahali pa kweli panatambulika. Anayekuhudumia anakuuliza kuhusu presha, kisukari, ujauzito na upasuaji kabla hajakuuliza hela. Anakupa faragha uvue unachotaka tu, anakufunika shuka na kufunua sehemu moja anayoifanyia kazi. Shuka ni safi na limebadilishwa mbele yako. Ukitaka mwanamke akuhudumie, unapewa mwanamke bila mabishano, na hakuna anayekuuliza kwa nini. Kama anajitangaza kutibu, muulize usajili: Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 2002, ndilo linalosajili watoa huduma wa tiba hizo.

Natamani pia tufikirie nani tunayemfundisha kazi hii. Korea Kusini sheria imewatengea watu wenye ulemavu wa kuona leseni ya uchuaji, na mikono yao inasifika. Sisi tuna shule ya wasioona pale Buigiri, wilayani Chamwino, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Kijana aliyezoea kusoma kwa ncha za vidole ana mwanzo mzuri kuliko wengi wetu, na mji huu una migongo ya kumpa kazi maisha yake yote.

Ukishachagua, sema mambo matatu kabla hujaguswa: panapouma, palipoanzia, na dawa unazotumia. Jipe nafasi ya mara tatu au nne kwa aina moja na mtu mmoja, ukipima kwa vitu unavyoviona, kama vile kugeuza shingo wakati wa kurudisha gari nyuma, kuinama kufunga viatu, au kulala usiku bila kuamka. Pasipobadilika chochote, usiongeze mara ya tano kwa fundi yule yule wala usitafute mwenye mkono mzito zaidi. Chukua nauli hiyo uende nayo Benjamin Mkapa, ukaulize idara ya fiziotherapia iko jengo gani.